Kazi ya Utafiti Chuo Kikuu Haianzi kwenye Tangazo

Ukiona tangazo la mtafiti msaidizi limetoka Alhamisi jioni na mwisho wa kupokea maombi ni Jumatatu, usikimbilie kusema "hii ina mwenyewe". Mara nyingine ina mwenyewe kweli, sikatai. Lakini mara nyingi haraka hiyo ina sababu nyingine. Fedha za mfadhili ziliingia zamani, kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kikakawia miezi kadhaa, kimetoka wiki hii, na masika iko mlangoni. Mtafiti mkuu anataka watu sita wawe Kilosa kabla barabara haijakatika. Anawapigia simu anaowafahamu, halafu tangazo linabandikwa kwa sababu taratibu za chuo zinadai hivyo.

Kwa hiyo kazi yako ni kujulikana na watu wenye miradi kabla wiki hiyo ya haraka haijafika. Nimeanzia chini kabisa, kubeba dodoso za karatasi kwenye mfuko wa rambo, na sasa nakaa upande wa pili wa meza nikisoma maombi ya wengine. Ninayoandika hapa yanamlenga zaidi mhitimu wa Tanzania mwenye shahada ya kwanza au ya umahiri. Wa Kenya na anayetazama ng'ambo nao nimewawekea chao mbele.

Hatua ya 1: Jua unabisha hodi mlango upi

Kuna milango mitatu, na watu wengi huichanganya.

Mlango wa kwanza ni ajira ya kudumu katika chuo cha umma: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine, Muhimbili, Mzumbe, Dodoma na vingine. Nafasi hizi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye mfumo wa Ajira Portal. Huko matangazo mengi ya ngazi ya mwanzo ya wanataaluma yanadai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwa shahada ya kwanza, na kwa mhadhiri msaidizi wanaongeza 4.0 kwa umahiri. Kama yako ni 3.3, usimalizie bando lako hapo. Sisemi hivyo kukukatisha tamaa, maana mlango wa pili hauangalii namba hiyo kwa jicho kali namna hiyo.

Mlango wa pili ni miradi. Mkataba wa miezi sita, mwaka, miaka mitatu ukibahatika. Mshahara unatoka kwenye fungu la mradi, na anayekuchagua kwa kweli ni mtafiti mkuu pamoja na mratibu wake. Kazi nyingi za utafiti nchini ziko huku. Na huku usitazame vyuo peke yake. Taasisi ya Afya Ifakara yenye ofisi Ifakara, Bagamoyo na Dar es Salaam, NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na vituo vyake vya Mwanza, Mbeya, Tanga na Amani, kitengo cha majaribio ya tiba cha MITU pale Mwanza, REPOA na ESRF kwa watu wa uchumi na sayansi ya jamii, TAWIRI kwa watu wa wanyamapori: hao wote wanafanya kazi na wahadhiri wa vyuo vikuu, na mtu aliyeonekana huku huitwa kule. Morogoro, ndani ya Sokoine, kuna APOPO wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Unguja kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na makao makuu ya WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa upande huu wa Bahari ya Hindi, ambayo ina programu ya ruzuku za utafiti.

Mlango wa tatu ni vibarua vya kukusanya data. Siku kumi, siku arobaini, malipo kwa siku, nauli na malazi juu yao au juu yako kutegemea makubaliano. Wahitimu wengi huudharau. Mimi karibu kila mratibu ninayemfahamu aliingilia hapo.

Hatua ya 2: Utafute mradi kabla haujaanza kuajiri

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mradi wa utafiti huacha nyayo hadharani miezi mingi kabla haujahitaji mtu wa fildi, na nyayo hizo zinasomeka bure.

Anza na wafadhili. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zina kanzidata iitwayo RePORTER. Andika jina la chuo au nchi, utaletewa miradi, jina la mtafiti mkuu, muhtasari, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Wellcome ya Uingereza nayo huchapisha orodha ya ruzuku ilizotoa. Kwa majaribio ya dawa na chanjo, fungua ClinicalTrials.gov, chagua Tanzania, kisha uchuje yale ambayo bado hayajaanza kuandikisha washiriki. Hayo ndiyo yako. Jaribio ambalo halijaandikisha mtu bado linatafuta wauguzi, watu wa maabara, wasimamizi wa data na wahojaji. Jaribio lililokwisha kuandikisha linahitaji watu wachache, na wengi wao tayari wanao.

Halafu angalia fedha inatoka nchi gani na hali yake ikoje. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya utafiti ilisimama katikati ya safari katika nchi nyingi za Afrika, na watu wenye mikataba halali wakarudi nyumbani. Mei mwaka huohuo NIH ikabadili utaratibu wa fedha zinazopitia chuo cha Marekani kwenda kwa mshirika wa nje. Mradi wenye wafadhili wawili au watatu una miguu imara kuliko wenye mmoja. Uswidi ilikaa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi kuanzia miaka ya 1970, na Norwe ina historia ndefu na Sokoine. Upo pia mradi wa HEET wa Benki ya Dunia, dola milioni 425 kwa elimu ya juu Tanzania, ulioanza 2021. Huo ni wa majengo, mitaala na kusomesha wahadhiri zaidi kuliko kuajiri watafiti, ila mhadhiri anapokwenda masomoni kwa fedha za mradi huo, mara nyingi shughuli zake za chuoni hutafutiwa mtu.

Nyayo za pili ni vibali, na hapa inafaa ujue mlolongo. Andiko la mradi likishapata fedha, linakwenda kwenye kamati ya maadili ya chuo. Utafiti wa afya unapita pia kwenye kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR. Kukiwa na mtafiti mgeni, COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, inatoa kibali cha utafiti. Baada ya hapo kuna barua za utambulisho, kutoka mkoani kwenda wilayani, hadi kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Kila ngazi ina kusubiri kwake. Mtu akikwambia "tupo kwenye maadili", maana yake una muda wa kujinoa. Akisema "tumepata, tunasubiri barua ya mkoa", piga pasi shati.

Nyayo za tatu ni mikusanyiko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Wiki ya Utafiti na Ubunifu kila mwaka, NIMR ina kongamano lake la kisayansi, TAWIRI lake hufanyika Arusha. Pale mtafiti anasimama mbele ya bango la utafiti wake saa nzima na mara nyingi hakuna anayemsemesha isipokuwa mpiga picha. Muulize swali moja la maana kuhusu bango lenyewe, na kazi usiitaje siku hiyo. Wiki ijayo ukimwandikia, taja swali lako. Atakukumbuka, kwa sababu walioulizana naye walikuwa wachache.

Tengeneza jedwali dogo: mradi, mtafiti mkuu, mfadhili, eneo, tarehe ya kuanza, umefika wapi na vibali, uliwasiliana naye lini. Miradi kumi na mitano inatosha. Ikizidi hapo utaanza kuandika barua za kunakili na kubandika, na zinajulikana.

Hatua ya 3: Andika barua pepe fupi

Nimepokea barua pepe ya kurasa tatu ikianza na historia ya shule ya msingi. Nimepokea nyingine iliyotumwa kwa watu ishirini kwa pamoja, majina yetu yote yakionekana juu. Mama mmoja profesa niliyefanya naye kazi alikuwa akiona "Dear Sir" hasogei mstari wa pili.

Huu ni mfano. Nimeuandika kwa Kiswahili ili muundo uonekane; wewe tumia lugha ya mradi husika.

"Mada: Ombi la kazi ya kukusanya data, mradi wa vyandarua Kilosa

Habari za kazi, Dkt. (jina la ukoo),

Naitwa ..., mhitimu wa Takwimu, 2024. Nimeona kwenye orodha ya majaribio kwamba mradi wako wa vyandarua utaanza Kilosa mwezi Juni. Mwaka jana nilikusanya data siku 25 katika kata mbili za wilaya hiyo kwa KoboToolbox, na mimi ndiye niliyekuwa nikikagua data za timu kila jioni. Nazungumza Kikaguru. Nina cheti cha maadili ya utafiti cha Machi mwaka huu.

Utakapoanza kutafuta watu wa fildi, naomba nami unifikirie. Nimeambatisha wasifu wa kurasa mbili. Nipo Morogoro na naweza kufika ofisini siku yoyote utakayonipangia.

Wako,
..."

Angalia kilichomo: eneo, zana, lugha, tarehe. Hakuna "mimi ni mchapakazi na ninajituma". Kila mtu hujiita mchapakazi.

Asipojibu, subiri siku kumi, andika mistari miwili chini ya ileile ya kwanza. Asipojibu tena, mtafute mratibu wa mradi. Mara nyingi ndiye anayeshika orodha ya majina, na huwa na simu iliyo wazi zaidi. Ukienda ofisini bila miadi, nenda asubuhi, shikamoo yako iwe ya kwanza kwa katibu muhtasi kabla ya yeyote, na uondoke ndani ya dakika tano. Katibu muhtasi ndiye anayejua Profesa yuko Geneva hadi tarehe ngapi.

Hatua ya 4: Uwe na kitu mkononi

Cheti cha kwanza kukitafuta ni cha maadili ya utafiti na cha uendeshaji bora wa majaribio ya tiba, kinachojulikana kwa kifupi GCP. Kozi yake ipo bure mtandaoni kwenye kituo cha mafunzo cha The Global Health Network, unaimaliza kwa siku moja au mbili. Angalia tarehe ya chako, kwa kuwa miradi mingi hudai kisichozidi miaka miwili au mitatu. Ile kozi ya zamani ya NIH iliyokuwa ikitolewa bure ilifungwa 2018. Ukiiweka kwenye wasifu bila kingine kipya, umejitangaza kwamba umelala.

Zana za fildi, za kukusanya data kwa simu au kishikwambi: KoboToolbox na ODK. Fungua akaunti ya bure, tengeneza dodoso lako la maswali ishirini, lijaribu kwa simu yako mwenyewe kwa majirani watano. Mtu aliyewahi kulitengeneza anajua kwa nini linakwama, na timu yenye kishikwambi kilichokwama kijijini humthamini kuliko dereva. Miradi ya tiba hutumia REDCap pia. Kwa uchambuzi, jifunze R kwa sababu haina leseni ya kulipia, halafu Stata kama utaipata chuoni. QGIS kwa ramani, nayo ni bure. Usitaje programu ambayo huwezi kuifungua ukiwa umeketi mbele ya mtu.

Sasa nifike kwenye ujuzi ambao wahitimu wetu wanao na hawauweki popote: Kiswahili chenyewe.

Dodoso nyingi huandikwa Kiingereza kwanza, zikatafsiriwa, kisha mtu wa pili akazirudisha Kiingereza ili kuona kama maana imebaki. Kazi hii inalipwa, na huharibika kila siku. Swali la chandarua huuliza kama mtu alilala ndani yake usiku uliopita. Ukiandika "jana usiku", mwingine atakujibu kuhusu jana jioni, mwingine juzi kuamkia jana. Ukiandika "usiku wa kuamkia leo" hakuna anayepotea. Neno kaya ukiliacha hivihivi, mzee atakuhesabia watoto wake wote hadi aliye Mwanza; ukimwambia "wanaokula chungu kimoja na kulala hapa", unapata namba inayotakiwa.

Na saa! Mwaka wangu wa kwanza nilipewa faili la kusafisha. Kwa mujibu wa faili lile, kijiji kizima kilikuwa kinaingia kwenye chandarua saa tisa usiku wa manane. Kumbe watu walisema saa tatu, mhojaji akaandika 3, kompyuta ikaelewa ilivyoelewa. Mbu anayeuma mapema au usiku mkubwa ndiye hasa mradi ulikuwa unamchunguza, kwa hiyo faili lile lilikuwa halina maana mpaka tulipopiga simu nyumba moja baada ya nyingine. Tangu hapo, mtu akiniambia kwenye usaili kwamba ataweka uchaguzi wa asubuhi, mchana, jioni na usiku kabla ya saa yenyewe, nampa alama bila kusikiliza mengine.

Fomu ya ridhaa ni ngumu zaidi. Kupangwa kwenye kundi kwa bahati nasibu, kwa masikio ya wengi, ni mchezo wa zawadi. Eleza kwa mfano wa kurusha shilingi. Kidonge cha kulinganishia, kieleze wazi kuwa kinafanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Damu mililita tano ni kijiko kimoja cha chai, na ukisema kijiko badala ya mililita umeokoa nusu saa ya maswali. Pwani bado kuna wazee watakaokutajia mumiani, nusu mzaha nusu kweli. Usiwacheke, waonyeshe kichupa chenyewe. Kama umewahi kufanya tafsiri ya aina hii, hata kwa tasnifu ya rafiki, iandike kwenye wasifu kama kazi kamili. Lugha ya pili ya nyumbani nayo, Kisukuma, Kimasai, Kihehe, Kimakonde, iandike juu, usiifiche mkiani pamoja na "kusikiliza muziki".

Hatua ya 5: Wasifu, wadhamini na Ajira Portal

Wasifu wa mradi ni kurasa mbili. Tasnifu yako ipewe mistari mitatu: ulichouliza, watu wangapi, ulichambua kwa nini. Kila kazi ya fildi iwe na wilaya, idadi ya siku, zana na jukumu.

Wadhamini, waulize kwanza. Nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza "huyo ni nani?" na nikasikitika zaidi kwa niaba ya kijana kuliko yeye atakavyojua. Mdhamini bora si mkuu wa idara aliyekufundisha ukumbini na wenzako mia tatu. Ni msimamizi wa tasnifu, au msimamizi wa fildi aliyekuona umekaa na data hadi saa nne usiku.

Ajira Portal ina masharti yake, na mashine haina huruma. Barua ya maombi isainiwe na ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, siyo kwa chuo. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na vya taaluma viwe halisi vilivyoskaniwa vizuri. Hati za matokeo ya muda hazikubaliki. Umri usizidi miaka 45 kwa nafasi nyingi. Uliyesoma nje, cheti chako kipite TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwanza kwa uhakiki, na usisubiri tangazo ndipo uanze. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA, yashughulikie leo. Maombi ni bure, sasa na siku zote. Anayekuomba "ya fomu" au "ya kumpa mtu wa ndani" ni tapeli, hata akijua jina la mkuu wa chuo na la mkewe.

Hatua ya 6: Usaili

Wa serikali huanza na mtihani wa kuandika, wanaopita wakaitwa wa ana kwa ana, na utahitaji vyeti halisi na kitambulisho mkononi.

Wa mradi una sura nyingine. Utapewa fomu ya ridhaa uisome kwa mmoja wa wasaili aliyejifanya mama mwenye mtoto mgonjwa na haraka ya kwenda sokoni. Wanataka kuona kama utamwambia anaweza kukataa, na kama utamwambia kwa sauti ileile uliyotumia kumwambia faida. Utapewa faili la Excel lenye makosa yaliyofichwa: umri 212, mwanaume mjamzito, namba ya kaya iliyojirudia. Usiyasahihishe kimyakimya. Orodhesha, uliza dodoso la asili liko wapi, ndipo urekebishe. Hili ndilo linalowaangusha wengi wenye GPA kubwa. Wana haraka ya kuonyesha wanajua, wanafuta safu nzima.

Kuna swali moja ninalolipenda: "Umefika kwenye nyumba iliyochaguliwa, hakuna mtu, jirani anakukaribisha kwake. Utafanyaje?" Jirani hakuchaguliwa. Utarudi, utaandika umerudi mara ngapi, utamwarifu msimamizi. Ukichukua jirani umeua sampuli, na ukisema waziwazi kwamba watu hufanya hivyo lakini wewe umejifunza madhara yake, umejibu vizuri kuliko kitabu.

Hatua ya 7: Soma mkataba

Mkataba wa kwanza huwa mtamu, mtu anasaini akisimama. Kaa chini. Mwajiri ni nani hasa, chuo, taasisi au kampuni ya wakala? Mchango wako wa hifadhi ya jamii unapelekwa, au wewe umeandikwa mshauri na unakatwa kodi ya zuio tu? Kuna bima ya afya na ya ajali ukiwa fildi? Posho ya kujikimu inalipwa kabla ya safari au baada? Mradi mmoja niliwahi kufanya nao kazi ulitulipa posho wiki sita baada ya kurudi. Tulikula mkopo wa dukani kwa mama mmoja ambaye bado ana namba yangu. Na mradi ukisimamishwa na mfadhili, notisi ni ya siku ngapi?

Jambo la mwisho watu huona haya kuliuliza: jina lako kwenye makala. Majarida mengi ya tiba hufuata masharti manne ya kamati ya wahariri ya ICMJE: uwe umechangia kwa kiasi kikubwa kwenye wazo, data au uchambuzi, uwe umeandika au kuhakiki rasimu kwa kina, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Yote manne kwa pamoja. Kukusanya data peke yake kunakupa shukrani mwishoni mwa makala. Kwa hiyo mapema kabisa omba kuandika sehemu ya mbinu, ambayo hakuna anayeipenda na wewe ndiye unayeijua kuliko wote.

Kenya na ng'ambo

Kenya kila chuo cha umma huajiri chenyewe. Nafasi za umma hudai rundo la hati: ya kodi (KRA), ya mkopo wa elimu (HELB), ya maadili (EACC), ya rekodi ya mikopo (CRB) na cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi (DCI), basi ziweke tayari. Leseni ya utafiti ni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, na nyayo za miradi unazifuata vilevile. Kilifi kuna programu ya KEMRI na Wellcome iliyopo tangu 1989, Nairobi kuna APHRC ya afya na idadi ya watu, ILRI ya mifugo na icipe ya wadudu, na zote huchukua wanagenzi.

Ulaya jambo moja hushangaza wengi: Ujerumani, Uholanzi, Norwe na Uswidi, nafasi ya uzamivu mara nyingi ni ajira yenye mshahara, hutangazwa kama kazi nyingine. Tazama EURAXESS kwa Ulaya nzima, Jobbnorge kwa Norwe, AcademicTransfer kwa Uholanzi, jobs.ac.uk kwa Uingereza. Tangazo la Ujerumani likiandika E13 asilimia 65, E13 ni daraja la mshahara, na ujue hiyo asilimia ni sehemu ya mshahara kamili, piga hesabu ya kodi ya nyumba kabla hujashangilia. Watu wa lugha na fasihi, angalieni Bayreuth, Leipzig na SOAS ya London, ambako Kiswahili kina mizizi mirefu.

Mradi ukibakiza miezi mitatu

Wakati huu ndio wengi hukaa wakisubiri kuongezewa mkataba. Wewe omba barua ya uthibitisho wa kazi yenye tarehe na majukumu kabla mratibu hajahamia mradi mwingine. Omba kwa maandishi ruhusa ya kutumia sehemu ya data kwa tasnifu ya umahiri. Bila maandishi, data ile si yako hata kama ulinyeshewa ukiikusanya. Muulize mtafiti mkuu ana andiko gani jipya lililopelekwa kwa wafadhili, ujitolee kutengeneza bajeti ya fildi ya andiko hilo, maana wewe ndiye unayejua bodaboda kutoka Kimamba hadi kijiji cha mwisho ni shilingi ngapi wakati wa mvua. Kisha lifungue lile jedwali lako la miradi kumi na mitano, ufute iliyokwisha, uanze kujaza mipya.